Mbwa wa jirani: tusidai "aondolewe", tudai vitu vinavyopimika

Mhariri,

Malalamiko ya mbwa wakali yanayofika kwa masheha, viongozi wa serikali mitaani, hasa katika mitaa ya Unguja inayopanuka kama Fuoni, Tomondo, Chukwani na Mbweni, mara nyingi huishia hewani. Mlalamikaji hufika na hasira zake na dai moja tu, mbwa aondolewe. Mwenye mbwa naye ana jibu lake moja: "Huyu hang'ati mtu." Sheha hukaa katikati, hana cha kupima, na kikao kikisha mbwa yuleyule yumo njiani.

Sisi tunaofanya kazi za mifugo na afya mitaani tunaomba nafasi tuseme kwamba mbwa mkali anayezurura ni shauri la vitu vinne: geti, mnyororo, saa na kadi. Vinaonekana kwa macho, na viwili vya mwanzo vinapimika kwa futikamba. Jirani akidai hivyo, mwenye mbwa hana pa kujificha.

Kabla ya yote ijulikane mbwa ni wa nani. Nyumba nyingi za pembezoni mwa mji mwenyewe yuko bara, Oman au Ulaya, na anayeishi na mbwa ni mlinzi. Ukimfuata mlinzi, mbwa si wake. Ukimpigia mwenye nyumba, anayemfungua ni mlinzi. Basi majina yote mawili na nambari zao za simu ziandikwe kwa sheha siku ya mwanzo. Anayemlisha kila siku na anayemlipa huyo mlishaji, wote wawili wana la kujibu.

Tuanze na geti, maana ndipo mbwa wengi wanapotokea. Ukuta wa futi 6 hauna faida ikiwa chini ya geti pana uwazi wa kupitisha kichwa cha mbwa. Penye kichwa, mwili hufuata. Uwazi usizidi vidole vinne. Ukizidi, fundi wa kuchomelea ataongeza bamba au nondo mlalo kwa kazi ya saa moja. Geti lijifunge lenyewe kwa springi, na komeo liwe la kujibana, kwani mgeni, muuza samaki na mtoto aliyetumwa chumvi hawakumbuki kurudisha komeo. Penye fensi ya waya, waya uchimbiwe kiasi cha sentimita 30 au uwekewe mawe mazito chini, la sivyo mbwa atafukua usiku. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mbwa anayeona watu kwenye matundu ya waya mchana kutwa huzidi ukali. Kila mpita njia akipita anabwekewa, kisha anakwenda zake, na mbwa huona amemfukuza yeye. Baada ya miezi kadhaa ameshajifunza kuwa kuvamia kunalipa. Ziba sehemu ya chini ya waya kwa makuti au bati asione njia. Makuti peke yake hayamzuii mbwa, lakini juu ya waya hufanya kazi nzuri sana.

Mnyororo nao una makosa yake. Kamba ya usumba hutafunwa usiku mmoja, ya nailoni humkata shingo, na mnyororo mfupi uliofungwa kwenye mwembe humzungusha mpaka akabaki na nusu mita, juani, bila ya maji. Mbwa wa namna hiyo akifunguka siku moja ni hatari kuliko ambaye hajawahi kufungwa. Kilicho bora ni waya mzito ulionyooshwa baina ya nguzo mbili, mita 8 mpaka 10, wenye pete inayoteleza na mnyororo wa mita 2 kutoka kwenye pete hadi shingoni. Weka kizuizi kwenye waya kabla ya kila nguzo ili asiizunguke. Usiufunge karibu na ukuta anaoweza kuruka, atajinyonga upande wa pili. Kivuli na maji viwe ndani ya mzunguko wake. Mkanda wa shingo uwe wa ngozi au wa kitambaa kigumu, vidole viwili vipite chini yake. Kisha pima: urefu wa mnyororo, jumlisha urefu wa mbwa mwenyewe aliyejinyoosha, kama mita 1, halafu acha mita 2 nyengine za usalama kabla ya njia wanayopita watu kuingia ndani. Wengi hupima mnyororo tu wakasahau kuwa mbwa naye ana urefu.

Saa ndiyo inayosahaulika kabisa. Mbwa wa ulinzi hufunguliwa usiku, na hilo halina ubaya ikiwa anafunguliwa ndani ya ua uliofungika. Taabu huja kwenye nyumba ambayo ua haujesha kujengwa, mbwa anamiliki mtaa mzima mpaka jua lichomoze. Wanaokutana naye ni wazee wanaokwenda kusali alfajiri kukiwa giza, na watoto wanaowahi chuoni. Dai liwe bayana: ua haujafungika, mbwa hafunguliwi, na ukiwa umefungika, arudishwe kwenye mnyororo kabla ya adhana ya alfajiri. Mlinzi anaiweza kazi hiyo akipewa saa, na hatoiweza akiambiwa tu "muangalie mbwa".

Kadi ni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa huchanjwa akitimiza miezi 3, kisha kila mwaka. Ukioneshwa kadi usiridhike na kuiona kwa mbali. Tazama tarehe, tazama kama rangi na jinsia iliyoandikwa ni ya mbwa huyu, maana kadi moja huweza kuzungushwa kwa mbwa watatu. Chanjo huchukua wiki kadhaa kujenga kinga, basi aliyechanjwa jana bado si salama leo.

Tuseme na jambo linaloonewa haya. Wengi wetu hatumgusi mbwa kwa sababu ya twahara, na hilo lieleweke. Lakini matokeo yake ni mbwa anayekua bila ya kushikwa na mkono wa mtu yeyote, na siku ya chanjo hakuna anayeweza kumtuliza. Anayemlisha ndiye amshike, avae glavu akitaka. Kabla ya sindano, kitambaa kirefu kizungushwe mdomoni mara mbili, kifungwe chini ya taya, kisha kikazwe nyuma ya masikio. Iwe dakika chache tu, kwa kuwa mbwa hujipoza kwa kuhema. Ukimfunga mdomo na kumwacha juani unamuua. Dume ahasiwe kuanzia miezi 6 hivi. Kuhasi hupunguza kuzurura na kupigania majike. Hakumtoi mbwa uoga, na mbwa wengi wanaong'ata ni waoga.

Sasa namna ya kudai. Nenda baada ya sala ya alasiri pamoja na mtu mzima wa mtaa anayeheshimiwa na pande zote mbili, usiende peke yako usiku mbwa akiwa anabweka na damu imepanda. Sema vitu vinne, taja siku: geti na mnyororo ndani ya siku 14, saa kuanzia leo, kadi ndani ya wiki. Andika kwenye daftari tarehe ulipokwenda na ulichojibiwa. Kila mara mbwa anapoonekana nje ongeza mstari: siku, saa, mahali, rangi yake, alimfukuza nani, nani aliona. Picha ya mbwa akiwa barabarani, geti likionekana nyuma yake, ina uzito kuliko kelele za watu kumi. Muda ukipita, daftari hilo lipelekwe kwa sheha, na sheha akiwaita wote wawili makubaliano yaandikwe na kutiwa saini, na nakala iende kwa ofisa mifugo wa wilaya. Yakivunjwa tena, shauri lipande wilayani likiwa na karatasi. Mtu akishajeruhiwa, nenda polisi moja kwa moja na uchukue fomu ya PF3, lakini usisubiri fomu ndipo uoshe jeraha.

Huku mnangojea, watu wanapita. Mbwa akikujia usikimbie, na usimkazie macho. Simama upande upande, mikono chini, kisha rudi nyuma polepole mpaka awe mbali. Ukiwa kwenye baskeli, shuka uiweke baina yako na yeye. Mkoba, mwavuli au kanga iliyokunjwa ni kitu cha kumpa ang'ate badala ya mkono wako. Ukianguka, jikunje, vidole vifumbate shingo kwa nyuma. Ile mbinu ya kuinama kama unaokota jiwe huwafukuza mbwa wa jaani na wa dikoni, wanaoijua maana yake. Mbwa wa ulinzi akiwa mlangoni kwake, kuinama kunaleta uso wako karibu na meno. Na kumrushia mawe kila siku, kama wanavyofanya watoto, ni kumfundisha kuwa mtoto ni adui. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, 4 kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Akishang'ata, kazi ya kwanza ni mfereji na sabuni. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kwa kutazama saa. Virusi vya kichaa vina ngozi ya mafuta na sabuni huivunja, ndiyo maana kipande cha sabuni ya kufulia kinashinda dawa nyingi za kienyeji. Mafuta ya taa, pilipili, majani na unga wa betri vinaunguza nyama na kufungua njia zaidi. Anayetaka kuosha mara saba, moja kwa udongo, amuulize shekhe wake kuhusu nguo na ngozi nzima. Ndani ya jeraha udongo usiingie, huko ndiko pepopunda inakotoka. Kisha hospitali siku ileile. Mchubuko usiotoa damu unahitaji chanjo. Jeraha lenye damu, au mate yaliyoingia jichoni au mdomoni, linahitaji chanjo pamoja na imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari, inayodungwa kuzunguka jeraha lenyewe. Kwa sindano za msuli dozi ni siku ya kwanza, ambayo huhesabiwa sifuri, ya 3, ya 7 na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Tatizo kubwa ni wanaoacha baada ya dozi ya pili kwa kuwa jeraha limekauka. Jeraha kukauka hakuhusiani na virusi, vyenyewe vinapanda kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa miezi 2 mpaka 3, na dalili zikitokea hakuna tiba.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe. Hili ndilo tunalolikuta limeharibika zaidi. Mtaa unamalizana naye kwa marungu saa ileile, na ushahidi wote umekwenda. Afungwe mahali pa peke yake, apewe maji na chakula, atazamwe siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataugua na kufa: sauti itabadilika, taya litaning'inia, mate yatamtoka, miguu ya nyuma italegea, au atakaa kimya kizani akakataa kula. Akibaki mzima siku ya 10, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Lakini dozi zianze, zisingojee siku hizo zipite. Akiwa kichaa dhahiri na hakuna budi, amuue mtaalamu wa mifugo bila ya kuponda kichwa, kwa sababu kinachopimwa ni ubongo, nacho kisafirishwe kwenye barafu.

Sumu kwenye nyama ndiyo njia wanayoipenda wasiotaka kikao. Kinachokufa kwanza ni paka na kuku wa watu, na mtoto akiokota hicho kipande hakuna wa kumuuliza. Tena mbwa waliochanjwa wakifa, nafasi yao jaani huchukuliwa na wasiochanjwa. Kinachouzuia ugonjwa ni kuchanja kiasi cha mbwa 70 katika kila 100 na kurudia. Pemba ni mfano wa karibu: baada ya kampeni za chanjo kichaa kilikatika mwaka 2014, kikarudi mwishoni mwa 2016 kutoka bara, ikabidi kuchanja upya mpaka kikatika tena 2018. Kwa hiyo anayemleta mbwa kutoka bara, wa ulinzi au wa kusasia nguruwe, aombwe kadi kabla mbwa hajapanda chombo. Na mbwa aliyeng'ata akitoroka au akifa mikononi mwa watu kabla ya siku ya 10, aliyeng'atwa amalize dozi zake zote.

Wahudumu wa mifugo na afya ya jamii,
Wilaya ya Magharibi B, Unguja