Mfumo wa CP/M bado una wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala mliyoichapa juma lililopita kuhusu watu wanaotunza kompyuta za zamani. Mwandishi aliwaita "walinzi wa makaburi", na mfano alioutoa ni CP/M, mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayoiendesha kompyuta, ambao kwa maneno yake ulikufa zamani ila watu wachache wamekataa kuuzika. Mimi ni mmoja wa hao wachache. Sikuingia humo kwa kupenda mambo ya kale. Niliingia nikiwa nimeshastaafu, nikifuata flopi 11, zile diski laini za kuhifadhia kazi za kompyuta, za marehemu kaka yangu.

Kaka alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1984 alianza kuandika kitabu cha aljebra kwa Kiswahili, na chombo alichokitumia kilikuwa kompyuta iitwayo Kaypro II: sanduku la chuma lenye uzito wa kilo kama 12, skrini ya inchi 9 yenye maandishi ya kijani, na kibodi ambayo ukimaliza kazi unaifunga mbele kama mfuniko. Mimi nilikuwa mpiga chapa, kwa hiyo jioni alinisomea naye akitembea chumbani, mimi nikipiga. Programu yetu ya kuandikia ilikuwa WordStar. Hata leo vidole vya mkono wangu wa kushoto vinajua njia: unashikilia Ctrl, E inakupandisha, X inakushusha, S kushoto, D kulia. Kitabu hakikuwahi kuchapishwa. Kaka alipofariki aliacha flopi ndani ya bahasha ya kaki, kila moja imeandikwa nambari ya sura kwa kalamu ya ncha laini, maana alikuwa na hofu kwamba kalamu ngumu ingeiumiza diski.

Mashine yenyewe ilikuwa haiwaki tena. Fundi niliyemwendea alizigeuza zile flopi mkononi, akasema hakuna kifaa cha kuzisoma duniani na kwamba nizitupe. Nilizirudisha kabatini, zikakaa humo miaka mingi.

Aliyenitoa hapo ni mtu wa kundi hili la CP/M, ambaye mpaka leo tunajuana kwa kuandikiana tu. Nilipomweleza nina flopi, hakuuliza zina nini. Aliuliza, "Ziliandikwa na mashine gani?" Nilidhani ni udadisi. Kumbe ndilo swali lenyewe. Flopi kubwa za inchi 8 zilikuwa na mpangilio mmoja uliotoka kampuni ya IBM, uliokubalika na wengi. Zilipokuja hizi ndogo za inchi 5 na robo, kila kiwanda kilipanga kivyake: idadi ya vipande katika kila duara, ukubwa wa kila kipande, hata mahali inapoanzia orodha ya mafaili. Kompyuta ya Osborne 1 iliandika hivi, Kaypro vile, na zote mbili zinaendesha CP/M ileile. Watu hawa wamekaa chini wakakusanya mipangilio hiyo, mashine baada ya mashine, kwa mamia, wakaiandika ili asiyeijua aikute.

Flopi zangu hakuzisoma kama mafaili. Alitumia kifaa kidogo kinachorekodi mabadiliko ya sumaku yenyewe jinsi yanavyopita chini ya kichwa cha kusomea, halafu programu ndiyo inayokaa na rekodi hiyo na kutafuta vipande viko wapi. Faida yake ni kwamba flopi dhaifu huisumbui mara kwa mara. Unaipitisha, unabaki na nakala yake, kazi iliyobaki unaifanya juu ya nakala. Flopi 10 kati ya 11 zilitoka.

Mhariri, hapa nakuomba uvumilivu kidogo, kwa sababu ndipo penyewe. Nilipofungua Sura ya 1 kwenye kompyuta yangu ya sasa niliona haya: "nambá hasé", "jibõ", "mlinganyï", "pembå". Ukurasa mzima namna hiyo. Nilifikiri diski imeharibika. Mwenzangu, ambaye hajui neno hata moja la Kiswahili, aliangalia kurasa zile kisha akaniuliza, "Je, lugha yenu ina irabu tano, na maneno yenu huishia kwenye irabu?" Nilishtuka. Nikamjibu ndiyo, amejuaje?

Akanieleza. Herufi za kawaida zinatosha ndani ya biti 7, yaani alama saba za 0 au 1, na baiti, nafasi inayoshika herufi moja, ina biti 8. Kompyuta ile ilikuwa na kilobaiti 64 tu za kumbukumbu, hivyo walioandika WordStar hawakuiacha ile biti ya nane ikae bure. Waliiwasha kwenye herufi ya mwisho ya kila neno, ili programu ijue maneno yanaishia wapi inapotanua nafasi kusawazisha ukingo wa kulia. Kompyuta ya leo haina habari na mkataba huo. Ikiona biti ya nane imewaka inaonyesha herufi nyingine kabisa. Katika Kiingereza alama hizo hutawanyika, maana maneno yao huishia kwa herufi za kila aina. Katika Kiswahili zilianguka karibu zote juu ya a, e, i, o, u. Aliona herufi geni tano zikijirudia mwishoni mwa maneno, akaitambua lugha yangu kwa umbo lake. Programu fupi ya kuizima biti ya nane ikapita juu ya mafaili yote, na sauti ya kaka ikarudi: "Namba hasi ni namba iliyo chini ya sifuri." Nilikumbuka jioni nilipoipiga sentensi ile.

Je, huyo ni mlinzi wa kaburi?

Ningeweza kushukuru na kwenda zangu. Nilibaki kwa sababu nilitaka kuuelewa mfumo uliobeba mswada ule, na nikagundua kwamba unaeleweka, wote, na mtu mmoja. Sizungumzi kwa kukisia. Katika CP/M 2.2 sehemu inayopokea amri zako ina kilobaiti 2. Sehemu inayosimamia mafaili ina kilobaiti 3 na nusu. Baada ya hapo kuna sehemu ya tatu, iitwayo BIOS, ambayo ndiyo pekee inayoijua mashine iliyo chini yake. Gary Kildall, aliyeubuni mfumo huu, aliitenga sehemu hiyo makusudi, na jina hilo limetoka kwake. Ukiwa na mashine mpya huandiki mfumo upya. Unaandika milango 17 tu, yaani vijiprogramu vifupi ambavyo mfumo hupitia kuifikia mashine: wa kusoma kitufe kilichobonyezwa, wa kutoa herufi kwenye skrini, wa kuchagua diski, wa kusoma kipande, wa kuandika kipande, na kadhalika. Milango miwili kati ya hiyo ilikuwa ya utepe wa karatasi, mmoja wa kusoma matundu na mmoja wa kuyatoboa. Leo watu wameigeuza kuwa njia ya kupitishia mafaili kati ya mashine mbili kwa waya.

Nilinunua vifaa vya RC2014, kompyuta ya vibao vidogo vinavyochomekwa kimoja kimoja, yenye chipu ya Z80 kama ubongo wake. Nilijifunza kuchomelea kwa risasi nikiwa na miwani miwili machoni. Mahali pa flopi kuna kadi ya kumbukumbu kama zile za kamera, iliyogawanywa vipande vya megabaiti 8 kwa sababu CP/M 2.2 haijui diski kubwa kuliko hiyo. Nilipowasha, skrini ikaandika A> na kusubiri. Mambo yote mfumo unayoyafanya kati ya kuwashwa na alama hiyo nimeyasoma kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Simu iliyo mfukoni mwangu siwezi kusema hivyo juu yake, na nadhani hata walioitengeneza hakuna mmoja wao anayeweza peke yake.

Kuna kitu kingine ambacho kaka alikipenda na sasa nakielewa. Amri ya kunakili inaitwa PIP, nayo inaandikwa mapokezi kwanza: PIP B:=A:*.* Kushoto kuna kinachopokea, kulia kuna kinachotoka. Aliniambia huo ni mlinganyo. Mifumo iliyofuata iligeuza mpangilio huo, na mikono yangu haijaukubali mgeuzo.

Historia sitaisimulia yote. Kildall aliuonyesha mfumo huu ukifanya kazi mwaka 1974 huko Pacific Grove, California, na tangu 2014 kuna kibao cha ukumbusho mbele ya nyumba iliyokuwa ofisi ya kampuni yake. IBM ilipotoa kompyuta yake mwaka 1981 iliweka mbele mfumo mwingine, uliotokana na kazi ya mwandishi wa programu Tim Paterson, ambaye alikuwa amefuata umbo la CP/M. Kisa cha mazungumzo ya IBM na Kildall kimesimuliwa mno na watu wasiokuwapo; nakipita. Linalomhusu mwandishi wenu ni hili: kama aliandika makala yake kwenye Windows, diski yake inaitwa C: kwa sababu CP/M iliita diski A: na B:. Kitu alichokizika kimo ndani ya mashine yake.

Lakini sababu kubwa ya kukuandikia si hiyo. Makala ilisema mifumo hii inaishi kwa ukaidi wa wapenzi wake. Ukaidi peke yake haukutosha. CP/M ipo kwa sababu aliyekuwa na haki nayo aliandika ruhusa. Baada ya kampuni ya Kildall kuuzwa na haki kupita mikononi mwa wengine, zilifika kwa Bryan Sparks, na mwaka 2001 aliruhusu mfumo usambazwe na kurekebishwa. Ruhusa ile iliitaja tovuti moja kwa jina. Basi kwa miaka zaidi ya 20 watu waangalifu walijiuliza: na sisi wengine je? Waliokuwa wakitengeneza vifaa kama vyangu waliuweka mfumo ndani yake wakiwa na wasiwasi, au hawakuuweka kabisa. Mwaka 2022 aliulizwa, akaandika upya kwamba ruhusa ni ya kila mtu. Aya moja fupi ilimaliza wasiwasi wa miongo miwili.

Hilo ndilo ningependa gazeti lako lilisemee. Kampuni inapoacha kuuza mfumo na kuacha kuutengeneza, iseme kwa maandishi, wakati watu wake wanaoujua wangali hai, kwamba nani anaruhusiwa kuunakili na kuurekebisha. Haiwagharimu kitu. Wengi hawasemi, wala hawakatai. Wananyamaza, na kwa kunyamaza huko mswada wa mtu hubaki umefungwa ndani ya flopi isiyokuwa na wa kuisoma kihalali. Kaka yangu hakuiazima kampuni yoyote sura zake 11. Aliziandika kwa mkono wangu.

Upande wa vifaa hali imekuwa ngumu zaidi. Zilog, waliotoa Z80 mwaka 1976, walitangaza mwaka 2024 kwamba wanaacha kutengeneza chipu ile ya asili, na siku ya mwisho ya kupokea maagizo ilikuwa tarehe 14 Juni. Wenzangu walinunua akiba. Wengine wameanza kubuni chipu mbadala ambayo michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Sijawahi kuwasikia wakilalamika sana. Waligawana kazi jioni ileile habari ilipofika.

Kwa msomaji mwenye bahasha kama yangu kabatini, nina maombi matatu. Usiziingize flopi kwenye kiendeshi chochote cha zamani ili "kujaribu tu", hasa kama zina madoa ya ukungu, maana kichwa cha kusomea hukwangua unga wa sumaku na hakuna wa kuurudisha. Usizipanguse wala kuziosha mwenyewe. Na andika leo, kwenye karatasi, mashine iliyoziandika iliitwaje, kama wewe au mtu yeyote nyumbani bado anakumbuka. Jina hilo ni nusu ya kazi.

Flopi yangu moja iliyobaki ndiyo yenye Sura ya 9, milinganyo ya daraja la pili, na ndiyo iliyoota ukungu. Iko kwa mwenzangu. Ana mpango wa kuisafisha kidogo kidogo, anapumzika, anaipitisha, anaangalia. Katika miduara 40 ya diski hiyo, kwa barua yake ya mwisho, 31 imeshasomeka.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mpiga chapa mstaafu