Milimita pekee hazipimi rashasha

NDUGU Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako. Kila inapochapishwa habari ya silaha, bunduki ya rashasha hutajwa kwa tarakimu moja: "milimita 7.62", basi. Hapo msomaji hajaambiwa kitu. Ni sawa na kwenda duka la vipuri Ilala ukaomba tairi la inchi 15 bila kutaja upana wake.

Risasi za 7.62 zinazotumika sana katika rashasha ni tatu, na hakuna inayokubali kuingia kwenye chemba (tundu la mtutu risasi inamokaa) ya mwenzake. Ya kwanza ni 7.62×39 ya bunduki za jamii ya AK na rashasha ya RPD. Moja ina gramu 16 hivi. Ya pili ni 7.62×51 ya NATO, inayotumiwa na rashasha ya Kibelgiji FN MAG, gramu 25 hivi. Ya tatu ni 7.62×54R ya rashasha ya Kirusi PKM, gramu 22 hadi 23, na ganda lake lina ukingo uliotokeza kitakoni. Tarakimu ya kwanza ni kipenyo cha risasi, ya pili ni urefu wa ganda, na ganda refu hubeba baruti nyingi. Mtunza ghala anayesoma tarakimu ya kwanza tu atapeleka masanduku ambayo huko yaendako ni mzigo wa bure.

Sasa uzito, ambako ndiko wengi wanakopotea. Mwenye kuchagua rashasha asipime bunduki tupu. Achukue bunduki na risasi 600, kisha aongeze mtutu wa akiba. FN MAG ina kilo 11.8 hivi, risasi 600 zake ni kilo 15 kabla ya kuhesabu viungo vya mkanda unaozishika. Jumla karibu kilo 27, mtutu wa akiba haujahesabiwa. Minimi, rashasha nyepesi ya 5.56×45, ina kilo 7 na ushei, risasi yake ni gramu 12, hivyo 600 ni kilo 7 na kidogo. Jumla kilo 14 na nusu hivi. Tofauti hiyo ya kilo 12 hugawanywa migongoni mwa seksheni (kikosi kidogo) nzima, ndiyo maana anayelalamika si mpiga rashasha peke yake. (Kariakoo yetu ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Swali la nani abebe risasi si geni Dar es Salaam.)

PKM huwashangaza wengi: kilo 7.5, karibu sawa na Minimi, lakini risasi yake ni ya nguvu kamili. Wepesi huo una gharama. Mwili wake ni wa bati la chuma lililokandamizwa na mtutu wake ni mwembamba kuliko wa MAG, kwa hiyo hupata moto upesi. Tena, ule ukingo wa ganda unailazimu bunduki kuivuta risasi nyuma, kuitoa kwenye mkanda, ndipo iisukume mbele ndani ya chemba. Mkanda wenyewe haukatiki vipande. Hujazwa upya, jambo zuri kwa bajeti, ila mkia wake mtupu huburuzika na kuzoa mchanga.

Kupunguza uzito wa bunduki bila kupunguza nguvu ya risasi huongeza teke la bunduki inapofyatua. Bunduki inarukaruka, na risasi zinatawanyika. Ndiyo sababu MAG ikilala juu ya miguu yake miwili huhesabiwa mita 800, lakini ikifungwa kwenye tripodi hufika 1,100 na zaidi. Tripodi nayo ibebwe: hata ile nyepesi ya Kimarekani, M192, ina kilo 5 na ushei.

Mtutu wa akiba si pambo. Mwongozo wa M240, ambayo ni MAG ya Marekani, unataka mtutu ubadilishwe kila baada ya dakika 10 kwa mwendo wa risasi 100 kwa dakika, na kila dakika 2 ukifika 200. Ukipuuza, michirizi ya ndani huliwa na shabaha hupotea. RPK, rashasha nyepesi ya jamii ya AK, haina mtutu wa kubadilisha. Kuiita mbadala wa rashasha ya mkanda ni kujidanganya, ingawa kwa doria fupi ya miguu kilo zake 4.8 zinavutia.

Rashasha nzito za milimita 12.7 ni habari nyingine. Browning M2 ina kilo 38 na tripodi yake 20. Risasi moja inazidi gramu 110, hivyo mia moja ni zaidi ya kilo 11. Hiyo ni silaha ya gari au ya lindo lisilohama. M2 za zamani zina mtego wake: kila ukibadilisha mtutu lazima upime kwa geji nafasi kati ya kitako cha risasi na uso wa bolti, kile chuma kinachofunga chemba. Nafasi ikizidi, ganda hupasuka ndani na kumjeruhi mpigaji. Toleo la M2A1 limeondoa kazi hiyo.

Mwaka 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilichagua rashasha ya SIG Sauer ya 6.8×51, yenye kilo 6 hivi. Msukumo wa gesi ndani ya chemba yake ni mkubwa kupita wa 7.62 ya NATO, na anayeitamani aulize kwanza mitutu yake inadumu risasi ngapi, kisha nani mwingine anayeuza risasi hizo.

Gazeti likiandika tena habari za rashasha, litaje kipenyo pamoja na urefu wa ganda, na liseme kama uzito ni wa bunduki tupu au pamoja na mkanda.

Wasomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam