Mdogo wangu, usilikabe koo lako

Mdogo wangu,

Nimezisikiliza rekodi ulizonitumia ukijizoeza kuongea kwa sauti ya kike. Nashukuru umeniamini nazo, ila zimenitia wasiwasi. Ukipandisha sauti, koo linakaza, maneno yanakatika, mwishowe unakohoa. Hivyo unaliumiza bure.

Najua kinachokusukuma. Unapiga simu benki, unajitambulisha kwa jina lako la kike, unajibiwa "sawa kaka", kisha unahojiwa kana kwamba simu umeiiba. Inauma, na si kosa lako.

Uliniuliza kama homoni za kike zitailainisha sauti yako. Hapana. Testosteroni, homoni ya kiume, wakati wa kubalehe hurefusha na kunenepesha nyuzi za sauti, na estrojeni, homoni ya kike, hairudishi nyuma kazi hiyo. Wenzako waliolelewa kama wasichana lakini ni wanaume, wakitumia testosteroni sauti yao hushuka yenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Kwako wewe dawa ni mazoezi. Upasuaji upo, lakini unaweza kukuachia sauti dhaifu au yenye mkwaruzo. Nisingekushauri uanzie huko.

Na mazoezi si kupanda juu tu. Sauti ya mwanamume mtu mzima kwa kawaida hutetemesha nyuzi mara 100 hadi 130 kwa sekunde, ya mwanamke 180 hadi 220. Katikati, msikilizaji hawezi kuamua kwa kipimo hicho peke yake, kwa sababu sikio hufuata pia mvumo, yaani mahali sauti inapovumia mwilini. Weka kiganja kifuani, sema "ooo" kwa sauti nzito, uone kifua kinavyotetemeka. Sasa tabasamu kidogo, ulimi uwe mbele, sema "iii" kwa wepesi. Mtetemo unahamia mdomoni na usoni. Huko ndiko mtaalamu wa tiba ya usemi atakakokupeleka: irabu moja kwanza, kisha neno, kisha sentensi, halafu maongezi ya kweli, ambayo ndiyo magumu kuliko yote maana ukikasirika au ukicheka sauti hurudi ilikozoea.

Mpaka umpate, jaza glasi maji nusu, zamisha ncha ya mrija, uvume "uuu" maji yakitoa mapovu. Dakika chache tu, koo litalegea. Kunywa maji ya kutosha. Na acha kunong'ona kutwa. Kunong'ona si kuipumzisha sauti.

Wala usikubali mtu akuamulie sauti yako iishie wapi. Rafiki yako yule asiyejitambulisha kama mwanamume wala mwanamke anataka ibaki katikati, na mtaalamu mzuri atalifanyia kazi lengo hilo kama lilivyo. Wewe nawe ukipenda kuongea kwa sauti nyepesi kazini na kuendelea kuimba sauti ya tatu kwenye kwaya, imba. Uliipenda tangu utotoni, na hakuna zoezi linalokudai uiache.

Mkwaruzo ukizidi wiki tatu, simamisha kila kitu uende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Niambie siku, nitakusindikiza.

Dada yako