Harambee ya kwenda Marekani isiishie JKIA

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niongee na wazazi wenzangu wa hapa Nairobi, hasa wale ambao saa hii wako kwa vikundi vya WhatsApp wakichangisha pesa za kumpeleka mtoto Marekani, kwa vile vyuo vikubwa vya majimbo ya kusini, Alabama, Georgia, Louisiana, Texas na majirani zao. Mimi ni fundi wa nguo Umoja, nashona yunifomu za shule, na kifungua mimba wangu ni msichana ambaye yuko mwaka wa pili kwa chuo kimoja kule. Jina la chuo naliacha, yeye bado yuko hapo na anataka kumaliza kwa amani.

Sisemi watoto wasiende. Anayeweza aende. Ninachosema ni kwamba sisi wazazi tunapigania barua ya kuitwa, tunapigania viza, tunapigania tikiti ya ndege, alafu tukishapunga mkono pale uwanja wa ndege wa JKIA tunarudi nyumbani tukidhani kazi imeisha, kumbe kuhusu maisha yenyewe ya mtoto hatukuuliza hata swali moja. Chuo kikifungwa atalala wapi? Dukani atafika na nini? Kwa harambee yetu tulikuwa watu zaidi ya mia chini ya lile hema na hakuna aliyeuliza hayo, hata mimi mama yake sikuuliza.

Wacha nianze na karo maana hapo ndipo tulianza kupotea. Hapa kwetu ukiambiwa chuo ni cha serikali unajua kina nafuu kuliko cha kibinafsi, basi ejenti aliyetushughulikia mjini akaniambia mama usijali, hiki ni chuo cha serikali, na mimi nikatulia. Hakusema kwamba serikali yenyewe ni ya jimbo, na ule unafuu ni wa watoto wa jimbo hilo ambao wazazi wao wanalipa ushuru hapo. Mtoto akitoka hata jimbo jirani kwa kawaida analipa bei ya mgeni, sembuse wetu aliyetoka Umoja, na bei ya mgeni mara nyingi ni mara mbili au tatu ya ile ya mwenyeji. Kwa vingi vya hivyo vyuo vikubwa karo peke yake ya mgeni inacheza kwa dola 30,000 kwa mwaka, piga kwa 129 uone, inakaribia shilingi milioni nne, na hapo hujalipa kitanda, chakula wala bima ya afya. Binti yangu alipata skolashipu iliyofuta sehemu kubwa ya hiyo pesa, bila hiyo tusingeweza kabisa.

Alafu ejenti akaongeza lile neno ambalo nalisikia kwa wazazi wengi sana, ati akifika atafanya kazi ajilipie. Wazazi, tafadhali, hii tuiache. Viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, inamruhusu kufanya kazi ndani ya kampasi, na masomo yakiwa yanaendelea asipitishe saa 20 kwa wiki. Nje ya kampasi haendi bila kibali maalum, akishikwa huko anaweza kurudishwa nyumbani na masomo yaishie hapo. Na kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kimekaa dola 7.25 kwa saa tangu 2009, majimbo mengi ya kusini hayajaongeza hata senti juu yake. Saa 20 kwa hiyo bei ni dola 145 kwa wiki kabla ya makato, haifiki shilingi elfu kumi na tisa. Binti yangu anafanya kwa jiko la wanafunzi, anapanga sinia na kufuta meza, na hiyo pesa inamnunulia sabuni, dawa, laini ya simu na pedi. Karo haiigusi hata kidogo. Nashukuru Mungu anayo hiyo kazi, lakini ukimwambia mtoto wa miaka kumi na tisa ati ndiyo itamlipia chuo unamtwika mzigo ambao hata wewe huwezi kuubeba.

Maisha yenyewe sasa. Vyuo hivyo ni miji. Unakuta wanafunzi elfu thelathini, wengine elfu arobaini na kuendelea, darasa la mwaka wa kwanza lina watu mia tatu na mwalimu hawezi kujua jina lako mpaka umfuate ofisini kwake saa zake za kuonana na wanafunzi, jambo ambalo watoto wetu wanaogopa kwa sababu hapa ukiitwa ofisini kwa mwalimu ujue umekosa. Binti yangu alikaa semesta nzima bila kwenda, kemia ikamshinda, alipoenda mara ya kwanza akamkuta mama mmoja mpole kabisa aliyemsogezea kiti na kumuuliza mbona umechelewa kuja hivi. Hicho kitu mtu angemwambia akiwa bado hapa nyumbani kingemwokolea alama nyingi sana.

Na usafiri. Mzazi wa Nairobi hawezi kuelewa hii mpaka ielezwe pole pole, kwamba kuna mji mkubwa na hakuna matatu. Hakuna. Basi la chuo linazunguka kampasi, wikendi linapunguza safari, na duka la vyakula la bei nafuu liko mbele huko kwa barabara kuu ambayo haina pa kutembea kwa miguu, kila mtu ana gari. Mwezi wa kwanza, Agosti, joto la huko si kama la kwetu, ni lile zito lenye unyevu kama la Mombasa mwezi wa pili tena bila upepo wa bahari, yeye akatoka kununua mchele na mayai kwa mguu. Akirudi anapita kwenye nyasi kando ya barabara, mkono mmoja mchele, mkono mwingine trei ya mayai ameishikilia kifuani, magari yanapita kwa kasi, gari moja likasimama mbele yake akaogopa. Alikuwa nyanya mmoja mzungu, akamwambia mwanangu ingia, mtu hatembei hapa, akamfikisha hadi mlangoni. Mayai mawili ndiyo yalipasuka. Ninataja huyo nyanya kwa sababu watu wa kusini wana huo utu, wanasalimia hata mtu wasiyemjua, mkubwa anaitikiwa kwa heshima, binti yangu anasema hapo alijisikia nyumbani kidogo. Lakini huwezi kumpeleka mtoto ng'ambo ukitegemea kila wiki kutakuwa na nyanya wa kusimamisha gari.

Kuna Jumamosi za mpira pia. Ile futiboli yao ya kubeba mpira mikononi na kuvaa helmeti huko kusini ni kama dini ya pili. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama pale Tuscaloosa unabeba watu kama laki moja, ukijaza Kasarani yetu ile ya 1987 bado haufikii, na huo ni uwanja wa wanafunzi. Siku za mechi nyumbani, kama sita au saba kwa msimu, barabara zinafungwa, hema zinajaa nyasi zote, watu wanachoma nyama tangu asubuhi na mji mzima umevaa rangi moja. Mwanzoni binti yangu alikuwa anajifungia chumbani siku hizo akilia, alikuwa anaona kila mtu ana watu wake isipokuwa yeye. Ni msichana wa chumba cha pili aliyemgongea mlango akamwambia vaa hii fulana twende. Siku hiyo ndiyo alipiga simu akicheka, mara ya kwanza tangu aondoke, na mimi nilisimamisha cherehani nimsikilize vizuri.

Hapa Kenya tukisikia Wakenya na vyuo vya Alabama tunafikiria wakimbiaji, na ni kweli wanatupa raha, Doris Lemngole amechukua ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2024 na tena 2025 akiwakilisha Chuo Kikuu cha Alabama. Lakini tuelewe mkimbiaji ana kocha, ana timu, kuna mtu kazi yake ni kujua amekula nini na amelala wapi. Mwanafunzi wa kawaida hana huyo mtu. Picha tunayoiona kwa gazeti ni ya yule mwenye kocha, alafu tunampeleka wetu tukidhani atapokelewa hivyo hivyo.

Kuna pia historia ya ubaguzi kwa vyuo hivyo, mimi sikuwa naijua, binti ndiye alinisomea kwa simu. Sisi tulipata Madaraka tarehe 1 Juni 1963. Siku kumi baadaye, tarehe 11 Juni, gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni kwa hicho chuo cha Tuscaloosa kuzuia wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, wasiingie kujiandikisha, mpaka wanajeshi walipokuja kwa amri ya Rais Kennedy ndio akatoka njiani. Malone alimaliza 1965, mweusi wa kwanza kupata digrii hapo. Nilipomuuliza binti kama bado kuna hayo mambo akasema mama, mlango uko wazi, lakini kuna meza huwezi kukaa hata kama hakuna aliyekukataza. Sikulala vizuri usiku huo.

Sasa nifike kwa Disemba maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mwezi wa kumi na moja chuo kilituma barua pepe kwamba hosteli za mwaka wa kwanza zinafungwa mitihani ikiisha na zitafunguliwa Januari, karibu wiki nne, na jiko la wanafunzi nalo linafungwa. Wenzake wote waliisoma wakafurahi, wanaenda kwao. Yeye aliisoma akanyamaza. Hakuniambia kwa sababu alijua mkopo wa Sacco bado nalipa na tikiti ya kurudi Nairobi kwa Krismasi haiwezekani. Siku ya mwisho nilimpigia alfajiri saa kumi na moja, huko ikiwa saa mbili usiku, tuko mbele yao saa tisa wakati huo wa mwaka, akapokea video lakini kamera ameielekeza juu kwa dari. Nikamwambia nionyeshe uso, akasema mtandao ni mbaya mama, niko sawa. Alafu nikasikia kipaza sauti nyuma yake kinataja majina ya miji. Mimi nimesafiri sana na basi za usiku kwenda kununua vitambaa, sauti ya stendi naijua. Alikuwa stendi, na sanduku, na hakuwa na mahali pa kwenda.

Aliokolewa na muuguzi mmoja Mkenya anayeishi mwendo wa saa mbili kutoka hapo, ambaye mtu wa kanisa letu alimjua kupitia mtu mwingine, tukapiga simu hapa Umoja nyumba kwa nyumba mpaka namba ikapatikana, na yule dada alitoka zamu yake akaendesha gari usiku huo huo kumchukua. Alimkuta saa saba. Dada, kama utasoma hii, sijui nikulipe nini.

Baadaye ndipo tuliambiwa kwamba ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa na fomu ya kuomba kubaki hosteli, iliyopaswa kujazwa wiki kadhaa kabla, na kwamba kuna kanisa la Kibatisti karibu na kampasi ambalo familia zake hupokea wanafunzi wa nje wakati wa sikukuu. Yaani msaada ulikuwepo. Ilikuwa ni kuuliza tu, lakini mtoto mgeni hajui kuna cha kuuliza, na mzazi aliye nyumbani ndiye anafaa kumsukuma aulize mapema. Kabla hujalipa ile dola 350 ya kusajiliwa kwa mfumo wao wa wanafunzi na dola 185 za viza, zile pesa ambazo hazirudi hata ukinyimwa, kaa na mtoto muandikie chuo, muulize hosteli zinafungwa lini na ipi inabaki wazi, jiko linafungwa lini, basi linafika wapi, Wakenya wa huko wana kikundi au hawana. Wanajibu, tena vizuri, wale watu wa ofisi hizo wamezoea maswali. Na harambee yenyewe itengewe pesa ya Disemba, hata ikibidi mtoto achelewe semesta moja kwenda.

Hilo la mwisho linawaudhi watu nikilisema kwa chama chetu. Wanasema nafasi haingoji. Wengi wanataja ile ndege ya 1959 ambayo mwanasiasa wetu Tom Mboya alipanga kupeleka wanafunzi 81 Marekani, wanasema hao walienda na sanduku moja na wakarudi wakajenga nchi. Ni kweli, lakini Mboya kabla ya hiyo ndege alizunguka Marekani akiomba pesa na nafasi, na watu mashuhuri wa huko, akina Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakaweka sahihi kwa barua ya kuchangisha. Kulikuwa na watu upande wa pili waliojua hao watoto wanakuja. Huyo mtu wa upande wa pili ndiye ninaomba kila mzazi amtafute kabla ya kununua tikiti.

Mwaka huu chama chetu tumekubaliana elfu mbili mbili kila mwezi kwa ajili ya Disemba, si ya binti yangu tu, kuna mvulana wa jirani anaondoka Agosti kwenda Texas. Fomu ya kubaki hosteli binti ameijaza mapema na jibu limerudi. Ile barua pepe ya mwaka jana niliichapisha kwa cyber nikaibandika ukutani juu ya cherehani, na mzazi akija kupimiwa mtoto yunifomu akaniambia naye anapanga ya Marekani, namwonyesha kwanza hiyo.

Mama fundi,
Umoja, Nairobi