Baiskeli ya sanduku imeniondolea usingizi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ninakuandikia saa tisa na nusu usiku, nikiwa nimekaa jikoni peke yangu, kwa sababu tangu sikukuu ya Idi usingizi umenihama na neno moja halijanitoka masikioni. Mbele ya shemeji zangu na wake zao, sahani za pilau zikiwa bado mikononi, mume wangu alisema: "Mtanga gani huyu asiyejua baiskeli? Hata bibi wa Kiholanzi wa miaka themanini anampita." Wote walicheka, na mwanangu mkubwa, mwenye miaka 7, alicheka kuliko wote. Shemeji zangu nimekwisha kuwasamehe. Kicheko cha yule mtoto ndicho ninachokisikia kila ninapofumba macho.

Wewe unaijua Tanga, kwa hiyo sina haja ya kukueleza kwa nini neno lile liliingia ndani kiasi hiki. Kwetu mji ni tambarare na baiskeli ni ya kila mtu, hata mama anayekwenda sokoni na kanga zake mbili. Nisingependa udhani kwamba nilizaliwa mwoga. Nilipokuwa na miaka 10 kaka yangu alinipakia kwenye keria, mguu wangu ukaingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma, na kisigino kikachanika vibaya hata nikakaa wiki nyingi bila kwenda shule. Baba alisema basi, na kauli ya baba kwetu haikuwa na rufaa. Sikukataa kujifunza, nilikatazwa. Kisha nikaolewa na kuletwa Uholanzi, nchi ambayo idadi ya baiskeli inazidi idadi ya watu, na kovu langu likaja nami.

Haja ya baiskeli si anasa. Tuna mapacha wa miaka miwili na nusu, gari tumeliuza, mume wangu anafanya kazi ya usiku ghalani na hurudi nyumbani wakati mimi nimekwisha kuanza zamu yangu ya kuwahudumia wazee. Tunakaa Leidsche Rijn, upande wa magharibi wa Utrecht, na kituo cha kulelea watoto kiko ng'ambo ya mfereji mkubwa, katika mtaa wa Oog in Al. Kwa basi, na kigari cha watoto wawili, safari hiyo hula asubuhi yote. Wanawake wenzangu hapa huwabeba watoto kwa bakfiets, yaani baiskeli yenye sanduku kubwa mbele, na kwa mtu wa kwetu njia rahisi ya kuielewa ni kufikiria guta ambalo mzigo wake ni watoto.

Sasa naomba usome hapa kwa makini, Shangazi, kwa sababu hapa ndipo ninapolaumiwa kabla sijasikilizwa. Siku ile ya Idi nilikuwa tayari ninajua baiskeli. Tangu Oktoba, kila Jumamosi asubuhi, nilikuwa nikienda kwenye kituo cha akina mama cha mtaa wetu, ambako mama mmoja wa Kimorocco anatufundisha sisi tuliokuja ukubwani. Alianza kwa kuziondoa pedali na kukishusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikakanyaga chini, tukawa tunajisukuma kama watoto wadogo hadi mwili ulipoujua mizani wenyewe. Pedali zilirudi wiki ya 5. Nililia siku nilipoweza kuinua mkono wa kushoto kuonyesha kwamba ninakata kona, maana kuuachia usukani kwa mkono mmoja kulikuwa kugumu kuliko yote. Nimejifunza kwamba anayetoka kulia hupewa njia, na kwamba pembetatu nyeupe zilizochorwa barabarani, ambazo wao huziita meno ya papa, humwelekea yule anayepaswa kusubiri. Reli za tramu ninazikata kwa kuzielekea moja kwa moja, ili tairi lisinase. Mume wangu hajui lolote kati ya hayo. Sikumdanganya, aliniuliza ninakwenda wapi nikamjibu kwamba ninakwenda kwa akina mama, na ni kweli. Nilitaka siku moja anione tu nikipita.

Kwa nini basi sikusema siku ile? Nimejiuliza swali hilo usiku mzima. Labda niliogopa kwamba nikisema ninajua, wataniambia nitoke nje niwaonyeshe, na mbele ya macho yale ningeanguka.

Tatizo lililopo sasa ni uchaguzi. Mume wangu anataka ya magurudumu mawili, yenye mota. Nilikwenda dukani peke yangu nikazijaribu zote mbili, muuzaji akiwa ameweka mifuko ya mchanga mahali pa watoto. Ile ya magurudumu mawili ni ndefu, na gurudumu lake la mbele liko huko, mbele ya sanduku, likiongozwa na fimbo ya chuma inayopita chini. Macho yanalitafuta gurudumu lile, na ukilitazama tu, baiskeli inaanza kuyumba. Muuzaji alinisisitizia nitazame mwisho wa uwanja. Ikishika mwendo inatulia, hilo ninakiri, na kwa dakika moja hivi nilifurahi kuliko nilivyotazamia. Lakini wakati wa kusimama uzito wote unauegemea mguu mmoja, na mguu wangu haukuweza. Ilinilalia. Mifuko ya mchanga ilitoka ndani ya sanduku ikamwagika chini, na mimi sikuuona mchanga. Niliwaona mapacha wangu.

Ya magurudumu matatu haianguki ukisimama, na watoto wanapanda wenyewe. Nayo ina tabia yake, kwa kuwa haiinami kwenye kona kama baiskeli ya kawaida: ukiingia na kasi, gurudumu la ndani linanyanyuka, kwa hiyo lazima upunguze mwendo kabla ya kona na uulaze mwili wako upande wa ndani. Njia ikiinama upande mmoja, inakuvuta huko. Na mimi kila asubuhi nitapita daraja la Dafne Schippers, ambalo njia yake ya kuteremkia Oog in Al inazunguka na kupita juu ya paa la shule, kona na mteremko kwa pamoja. Nimeipita kwa miguu mara nne nikihesabu hatua, na ninaamini kwamba nikishika breki tangu juu nitaiweza.

Nilipomdokeza mume wangu juu ya ya magurudumu matatu, alisema hiyo ni pana, ni nzito, na ni ya watu wasiojua baiskeli. Unaona, Shangazi? Neno ni lilelile. Kisha akaniambia amepata ya magurudumu mawili iliyotumika, kwa euro 1,500. Nilipoitazama picha nikatambua kwamba ni ya kampuni ile ambayo mwaka 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya hapa iliisimamishia mauzo kwa sababu fremu zake zilikuwa zinavunjika. Anasema hii ni aina nyingine na muuzaji ameihakikisha. Mimi ninasema hakuna bei nitakayoiwekea mapacha wangu juu ya fremu nisiyoiamini. Tena hata kofia ngumu nilizowanunulia watoto anazionea aibu, eti Waholanzi hawavai.

Sitaki kukuficha lililobaki. Zamu yangu ya upatu ilipofika, nilichukua euro 400 nikaweka arbuni ya ile ya magurudumu matatu, na hajui. Fedha ni yangu, nimeitolea jasho, lakini katika ndoa yetu hatujawahi kununua hata kabati bila kushauriana. Wakati mwingine ninatamani uniambie niiache baiskeli kabisa niendelee na basi, moyo wangu upumue. Lakini ukiniambia hivyo nitaumia, kwa sababu kila Jumapili alfajiri ninakwenda kwenye uwanja mtupu wa magari nyuma ya maduka nikafanye mazoezi ya kuanza na kusimama, kuanza na kusimama, na sijayafanya hayo ili nirudi kwenye basi.

Ninajua swali nililotaka kukuuliza ni baiskeli ipi inamfaa mwoga. Nadhani jibu lake nimekwisha kulilipia arbuni. Ninachoshindwa ni mlango wa kuingilia: nianze kwa kumwomba mume wangu radhi kwa masomo na fedha nilizomficha, au nimdai kwanza radhi kwa neno lile, tena mbele ya mwanangu aliyecheka? Nikianza kwa kumwomba radhi, dai langu litasahaulika. Nikianza na dai langu, atasema nimemlipizia kisasi kwa baiskeli.

Muuzaji amenipa mpaka Jumamosi. Mume wangu atarudi kutoka kazini saa mbili na nusu, nami leo ni siku yangu ya mapumziko.

Ni mimi mwanao,
Mama Mapacha, Utrecht