Kwa Mwanangu Anayeandika Riwaya ya Ukoo Wetu

Mwanangu mpenzi,

Nimezisoma hadithi zako za mwanzo, na nimefurahi sana kwamba umeamua kuandika riwaya ya ukoo wetu kwa hadithi fupi zinazoshikana. Njia hiyo inatufaa, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu anayeijua habari yote. Babu yako alipotoka Songea kwenda kukata mkonge Tanga, ndugu zake waliijua siku aliyoondoka tu, na sisi tuliozaliwa kambini tulimjua kwa mikono iliyochanwa na miiba na kwa mafungu ya majani aliyoyahesabu hata usingizini.

Louise Erdrich wa Marekani alishinda tuzo mwaka 1982 kwa hadithi fupi ambayo baadaye ikawa sura ya kwanza ya Love Medicine, riwaya iliyotoka mwaka 1984. Mwanzoni tu mwa riwaya hiyo mwanamke aitwaye June anakufa kwenye theluji. June hasimulii lolote, lakini jamaa zake wanaosimulia baada yake wamebeba kila mmoja kipande cha habari zake, na vipande hivyo havilingani. Hilo ndilo ninalotaka ulishike.

Katika hadithi yako ya pili umeandika kwamba babu yako aliacha kazi kwa hiari mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa. Hivyo ndivyo asemavyo baba yako mkubwa. Shangazi yako anashikilia kwamba alifukuzwa kabla ya hapo kwa kugombana na mnyapara, na bibi yako, Mungu amrehemu, hakupenda kuulizwa. Usiwapatanishe. Mpe kila mmoja hadithi yake, aiseme kwa yakini yake yote, na wala usimlete mjukuu msomi mwishoni kuja kutoa hukumu, maana tangu hapo msomaji ataziona hadithi nyingine zote kuwa ushahidi tu wa kesi iliyokwisha kuamuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wetu hulisahau. Katika hadithi ya jirani, bibi yako ataitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa shangazi zangu yeye ni wifi. Kwa mama yako alikuwa mkwe asiyetajwa jina kabisa. Msomaji atamtambuaje? Mpe alama moja isiyobadilika. Alikuwa na kovu kwenye kidole gumba cha kulia, nalo lilimfanya ashike kisu cha kumenyea muhogo kwa vidole vilivyonyooka, kidole gumba kikiwa kimekaa pembeni. Kitaje kidole hicho mara moja katika kila hadithi anamopita, bila kukieleza. Historia ya kovu lenyewe iweke katika hadithi moja tu, tena isiwe ya kwanza.

Miaka nayo usiipange kwa mfululizo. Anza na msiba wa babu yako, kwa sababu ndiko walikokutana wote na ndiko walikobishana, kisha uende nyuma na mbele kadiri kila msimulizi anavyokumbuka.

Kabla hujaichapisha hadithi ya shangazi yako, nenda Korogwe ukamsomee mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa macho yake sasa ni mazito. Akikataa sehemu yoyote, iondoe.

Baba yako