Mgonjwa wa figo asifungiwe kitandani

Ndugu Mhariri,

Kila Alhamisi ya pili ya Machi, Siku ya Figo Duniani, magazeti na redio hujaa mawaidha ya kinga: punguza chumvi, pima presha, dhibiti sukari, usimeze ovyo dawa za maumivu. Ni mawaidha mazuri na yaendelee. Lakini yule ambaye figo zake zimeshashindwa kazi, anayekwenda kwenye mashine ya kusafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, huyasikia yote na asipate lake. Mwaka 2021 kaulimbiu ya siku hiyo ilihusu kuishi vizuri na ugonjwa wa figo. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu, na naomba nafasi niseme jambo moja ambalo kaulimbiu ile ilipaswa kutuachia: wagonjwa hawa wanahitaji kuushughulisha mwili, na sisi tunaowapenda ndio tunaowazuia.

Kipindi kimoja cha kusafisha damu huchukua kama saa nne, na muda wote huo mgonjwa amelala au ameegemea kiti. Akifika nyumbani hana nguvu, analala tena. Kesho yake, siku ambayo angalau ana nafuu, ndugu wanamwahi: "Mama, weka ndoo chini, utajiumiza." Ufagio ananyang'anywa. Sokoni hatumwi. Chai inamfuata chumbani. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, najua, na ni vigumu kumlaumu binti anayeogopa kumpoteza mama yake. Ila baada ya miezi kadhaa mama huyo anaingia kwetu akiwa ameshikwa mkono, na kuinuka kitini ni mpaka ahesabiwe moja, mbili, tatu. Mara nyingi kilichomfikisha hapo si figo peke yake.

Niseme wazi kwamba uchovu wao si uvivu. Figo zenye afya hutengeneza homoni inayouamuru mwili uzalishe chembe nyekundu za damu. Zikifa, damu hupungua na mtu huhema kwa kupanda ngazi chache tu. Asidi inayorundikana mwilini hula misuli. Hamu ya chakula hupotea, na sehemu ya protini huondoka kwenye mashine yenyewe. Mtu wa namna hii akikaa bila kutembea, misuli yake huisha kwa kasi kuliko ya mtu mwingine wa umri wake. Ndiyo maana ushauri wa "pumzika tu", ambao hata sisi wahudumu tunautoa kwa urahisi mno, unamgharimu.

Ushahidi upo. Italia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa wa kusafisha damu walipewa mazoezi ya kutembea nyumbani: dakika 10, mara mbili, katika siku wasizokuwa na mashine, kwa mwendo waliopangiwa kila mmoja kulingana na uwezo wake. Baada ya miezi sita, umbali waliomudu kutembea kwa dakika sita ulipanda kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Wenzao ambao hawakupewa mazoezi walibaki karibu palepale. Ujerumani walikwenda mbali zaidi: mwaka mzima wa kuendesha baiskeli ya kitandani na kuimarisha misuli wakati damu inasafishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Waliofanya mazoezi waliongeza idadi ya mara wanazoweza kusimama na kukaa kitini ndani ya dakika moja, kutoka 16 hadi 19. Wasiofanya walishuka chini ya 15. Hapo ndipo pananiuma, kwa kuwa wagonjwa wetu wengi wako katika kundi hilo la pili.

Sitaki kuwauzia watu muujiza. Uingereza nao walijaribu baiskeli wakati wa kusafisha damu kwa miezi sita, na alama za ubora wa maisha hazikupanda. Wengi hawakuweza kuifuata ratiba. Kwangu hilo linaonyesha kwamba mashine ya mazoezi bila mtu wa kumshika mgonjwa mkono haitoshi.

Tahadhari zipo na zifuatwe. Aliyekosa kipindi chake, aliyevimba, anayebanwa pumzi au mwenye maumivu ya kifua asifanye zoezi; aje hospitali. Anayefanya akiwa kwenye mashine afanye mwanzoni, kwa sababu kadiri maji yanavyotolewa ndivyo presha inavyoweza kushuka. Mkono wenye sindano utulie. Siku za nyumbani, atembee asubuhi au jioni jua likiwa limepoa, maana kiu humponza mtu aliyepimiwa maji ya kunywa. Aanze na dakika tano ikibidi. Miongozo ya kimataifa inataja dakika 150 kwa wiki, lakini inasema pia kwa kadiri moyo na mwili vinavyohimili, na maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyashika.

Ombi langu kwa wakuu wa hospitali halihitaji jengo wala mashine mpya. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyepo tayari hospitalini, ambaye leo huitwa akivunjika mtu au akipata kiharusi, apangiwe kupita kitengo cha figo angalau mara moja kwa wiki. Nasi wauguzi, kila mwezi, kabla mgonjwa hajaunganishwa kwenye mashine, tumhesabie ni mara ngapi anasimama na kukaa kwa dakika moja, tuiandike namba hiyo kwenye faili kando ya uzito na presha. Ikianza kushuka, daktari aulizwe kwa nini, na ndugu waitwe tuzungumze nao kabla mgonjwa hajaanza kubebwa.

Muuguzi,
Morogoro